Siku moja maishani mwangu: fuko, makaa na mbegu moja nyeusi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Naamka Free Area, Nakuru, na kabla sijagusa begi la kazi naosha mikono kwa sabuni mara mbili. Jana usiku nilisonga ugali kwenye jiko la makaa, na kibarua changu ni kuokota makaa kwenye uchimbaji wa akiolojia, ili maabara iyapime umri. Ninayoyataka ni ya watu wa kale, na ya jikoni kwangu yakipenya humo nimeharibu kazi ya wiki nzima.

Saa kumi na mbili na nusu nimo kwenye matatu ya Njoro. Baridi, dirisha halifungi. Basi.

Saa mbili asubuhi. Tumeshaondoa turubai juu ya shimo. Tunachimba kwenye shamba la mtu, mraba wa mita 2 kwa 2, tukishuka sentimita 5 kwa 5. Si mbali na hapa, mwaka 1938, wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walichimba Pango la Mto Njoro wakakuta mabaki ya watu waliochomwa baada ya kufa, pamoja na shanga na vinu vya mawe. Wakati huo hapakuwa na njia ya kuupata umri wao kwa hesabu ya miaka. Mkemia Willard Libby alileta radiokaboni mwaka 1949: hupima umri wa kitu kilichowahi kuwa hai kwa kuangalia kaboni-14, kaboni yenye mionzi inayopungua polepole baada ya kufa, imebaki kiasi gani. Pango lilipokuja kupimwa, jibu likawa takriban miaka 3,000.

Naingia shimoni na mwiko, brashi na kibanio. Kwenye sentimita 60 kuna doa jeusi upana wa kiganja. Hapo ndipo moyo hunidunda, na hapo ndipo nilipowahi kuaibika.

Msimu uliopita niliokota kipande kizuri cha kaa, kikubwa kama kidole gumba, kutoka kona ya mraba wetu mwingine. Nikakifunga kwenye foili, nikaandika kina, nikajipongeza. Majibu yaliporudi, kaa lile lilikuwa la baada ya 1950. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliongeza kaboni-14 hewani, na alama hiyo maabara huiona mara moja. Daktari, mwanaakiolojia anayetuongoza, akanirudisha kwenye picha za shimo. Pale pale nilipookota palikuwa na mduara wa udongo laini, rangi yake imefifia kidogo: njia ya fuko. Mtu alichoma magugu shambani, fuko akateremsha kaa mpaka chini, nami nikalifanya la kale. Mashine haikukosea hata kidogo. Mimi ndiye niliyeiuliza umri wa moto wa mkulima.

Kwa hiyo leo sigusi doa. Kwanza nalikwaruza pembeni taratibu, natazama kama udongo unaolizunguka umeshikana au umelegea, nanyunyizia maji kidogo ili rangi zijitokeze. Umeshikana. Namwita Daktari, anapiga magoti, anakubali kwa kichwa. Ndipo naokota kwa kibanio. Mizizi midogo myembamba kama nywele naitoa mmoja mmoja, ingawa maabara nako wataosha kwa asidi na magadi makali (caustic soda). Kaboni ya leo ni adui mbaya: asilimia 1 tu inatosha kulifanya kaa lisilobaki na kaboni-14 yoyote lionekane lina miaka 37,000 hivi.

Saa nne, chai na viazi vitamu. Mzee anayelinda shamba ananiuliza, "Binti, hawa watu ni wa kabla ya nani?" Namwambia majibu ya maabara huandikwa "miaka kabla ya sasa", na hiyo "sasa" ni mwaka 1950. Anacheka. Yeye alizaliwa 1946, kwa hiyo ana miaka 4 kabla ya sasa.

Saa tano mpaka saa saba niko kwenye ndoo, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Udongo wa doa lile unamiminwa kwenye maji, unakorogwa kwa mkono polepole. Mchanga unazama. Kilichoungua kikawa chepesi kinaelea: vipande vya kuni, vijiti, na mara mojamoja mbegu. Unamimina juu juu kupitia kitambaa chembamba, unakifunga, unakitundika kivulini. Ukikianika juani vitu vinapasuka.

Leo kitambaani kuna mbegu moja, duara, ndogo kuliko kichwa cha kiberiti. Mimi naiona kama wimbi. Daktari hataki niitaje jina mpaka mtaalamu wa mbegu aiweke chini ya hadubini.

Baada ya githeri, saa nane, tunahamia kivulini kwa obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama chupa iliyovunjika. Daktari ameazima kifaa kinachofanana na drili ya fundi. Unakiegemeza kwenye jiwe, kinapiga eksirei, atomi zinarudisha eksirei zake zenyewe, nacho kinasoma kiasi cha elementi zilizomo, kama rubidi na zirkoni. Kila volkano ina mchanganyiko wake. Ndivyo ilivyojulikana kwamba mawe yaliyopatikana Gogo Falls, upande wa Ziwa Victoria, yalitoka huku kwetu Eburru na Naivasha, karibu kilomita 200. Umri kifaa hiki hakikupi. Hata ukilipima jiwe lenyewe kwa gesi ya agoni iliyomo ndani yake, utajua lini lava ilipoa, wala si lini mtu alilichonga likawa kisu.

Saa kumi jioni tunabishana. Hela inatosha sampuli moja tu kutoka doa hili. Kaa ni kubwa, linavutia, lakini Daktari anadhani ni mutamaiyo, mzeituni wa mwituni, na mti huo huishi muda mrefu. Pete yake ya ndani iliacha kupokea kaboni mpya mwaka uleule ilipoota, kwa hiyo kuni zinaweza kuwa nzee kuliko moto wenyewe kwa miaka mingi. Mbegu ni ya msimu mmoja, na siku hizi miligramu chache zinatosha.

"Ungekuwa wewe, ungepeleka ipi?"

"Mbegu, Daktari. Baada ya kupigwa picha na kutambuliwa, maana ikichomwa imekwenda."

Anaandika. Hajasema nimepatia, lakini ameandika.

Saa kumi na moja na nusu, bodaboda mpaka steji. Kijana ananiuliza kila siku swali moja: "Dada, hayo mawe yenu yana miaka mingapi?"

"Nitakuambia majibu yakirudi."

"Lini?"

"Labda baada ya miezi kadhaa."

"Sawa. Lakini nauli yangu naomba leo."