Kamba ya picha, na siku umeme unapokatika

Mzazi wa mtoto mwenye usonji (autism) husifiwa kwa uvumilivu. Sifa hiyo haimfai kitu saa kumi na mbili asubuhi, mtoto anapogoma kuvaa kwa sababu shati alilolizoea bado limeanikwa. Kinachomfaa ni maandalizi ya jana usiku: kamba ya picha inayomwonyesha mtoto kinachofuata.

Funga kamba ukutani, usawa wa macho ya mtoto, na utafute vibanio vya nguo. Kata boksi vipande vya ukubwa wa kiganja. Piga picha vitu vyake mwenyewe: kikombe chake, ndoo yake, begi lake. Kikombe cha kuchora huenda asikihusishe kabisa na chai yake. Chapisha, bandika, funika kwa seloteipu. Tundika tatu tu: kuoga, chai, gari. Jambo likiisha, yeye mwenyewe aitoe picha aitumbukize kwenye kopo.

Kosa kubwa ni kuzitoa picha siku ya vurugu pekee, mtoto atazichukia. Zizoeleke siku tulivu. Kosa lingine ni maneno mengi. Sema “vaa”, kisha hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Ukirudia mapema, unamkatiza akiwa bado anaichakata kauli ya kwanza.

Ndipo uongeze kadi ya mabadiliko, inayomjulisha kwamba jambo alilolizoea litabadilika; iwe ya rangi moja isiyotumika kwingine. Ianze na mabadiliko matamu: leo chapati badala ya mkate. Baadaye zima televisheni kwa dakika moja, kadi ikiwa mkononi mwake, na uiwashe kama ulivyoahidi. Hayo ni mazoezi ya siku umeme utakapokatika kweli.

Akishalemewa, ameziba masikio na anajipiga, kadi hazina kazi. Punguza sauti, mwanga na watu. Ondoa vinavyoweza kumuumiza. Usimhoji.

Mzazi naye alale. Wakiwepo watu wazima wawili, mmoja akeshe na mtoto hadi saa nane usiku, mwenzake apokee. Bibi au shangazi ajifunze kukaa na mtoto nusu saa nusu saa mama akiwa chumba cha pili, isisubiriwe dharura. Akidai mtoto amedekezwa, aelezwe waziwazi kwamba usonji ni jinsi ubongo ulivyokua, hautokani na malezi. Kisha apewe ukurasa mmoja: mtoto anakula nini, anaogopa nini, anaonyeshaje kwamba anataka choo. Ukurasa huo ubandikwe nyuma ya mlango, na uandikwe upya kila muhula, maana kilichomtisha Januari huenda Juni akakipita bila kukitazama.