Kilomita za kwenye dashibodi ya gari la umeme, zinatoka wapi

Wanaofikiria kuagiza gari la umeme hapa Dodoma huwa wanauliza kitu kimoja, zile kilomita zinazoandikwa kwenye dashibodi ni za kweli au gari linabahatisha? Linapiga hesabu, ila mahesabu yapo ya aina mbili na watu wengi wanayachanganya.

Ya kwanza ni ya dashibodi. Gari linaangalia betri imebaki na uniti ngapi (ndiyo hizi hizi uniti za LUKU) halafu linagawa kwa ulivyokuwa unatumia hivi karibuni. Una uniti 40, unakula 16 kwa kilomita 100, linakuandikia 250. Yaani linaangalia ulikotoka, huko mbele halijui kuna nini.

Sasa chukua Dodoma kwenda Iringa. Dodoma iko mita kama 1,100, bwawa la Mtera kama 700, kwa hiyo kwa ujumla unashuka, gari linakula kidogo na ukiachia pedali ya mwendo linarudisha umeme kwenye betri, ukifika Mtera dashibodi inakusomea namba tamu kweli. Halafu inakuja milima ya Nyang'oro. Kupandisha tani 1 kwenda juu mita 1,000 peke yake ni karibu uniti 2.7, na Iringa ipo zaidi ya mita 1,500, gari la tani 1.8 linamaliza kama uniti 4 kwa kupanda tu, hapo kilomita 25 zimeondoka na hujawasha hata kiyoyozi.

Hesabu ya pili ni ya ramani ya gari, na hii ndiyo naiamini. Ukiweka unakoenda, mifumo mizuri inaangalia miinuko, spidi ya kila kipande na joto la nje, halafu inakwambia utafika na asilimia ngapi. Mingine, kama ya Tesla, inahesabu mpaka upepo, na aisee upepo wa huku kiangazi siyo wa kudharau, unavuma kutoka kusini mashariki, ukielekea Morogoro unakuja nao uso kwa uso japo njia inashuka. Spidi nayo, ukitoka 80 ukaenda 110 ukinzani wa hewa unakaribia mara 2.

Kwa hiyo ukiwa Dodoma kariri asilimia ambayo ramani inasema utafika nayo Iringa, ukifika Mtera iangalie tena. Ikiwa imeshuka, rudi 80 hapo hapo kabla hujaanza kupanda.