Chennai: dereva wa bajaji aliyenipiga bei na kaburi la MGR

Chennai, India, sikwenda kutalii. Nilimsindikiza mjomba kwa ajili ya figo, na walioshawahi kupeleka mgonjwa kule wanayajua maisha ya Greams Road, mtaa wa hospitali, lodji chumba kama kabati, feni inalia usiku kucha, bei inapanda wakishaona pasipoti yako, foleni ya vipimo, njoo kesho. Hayo nayaruka. Nataka kusimulia Jumapili moja ambayo vipimo vilisimama, mjomba kalala, nikasema ngoja nami nikaione beach ya Marina.

Nje bajaji zimejaa. App inasema rupia 90, jamaa anataka 350. Mita anayo, kaifunika kitambaa! Tukabishana weee, yeye na Kiingereza chake cha kuungaunga na mimi na changu, mwisho 250 na roho inaniuma maana kwa hela hiyo mjomba anakula wali mchana na usiku.

Kwenye kioo cha mbele kabandika picha ya mzee kavaa kofia nyeupe ya manyoya na miwani myeusi. Nikamuuliza, huyu baba yako? Jamaa akageuka mzimamzima, mabasi yanatupita pembeni, "MGR! Humjui MGR?" Basi hapo ndo nikajitafutia, njia nzima hakunyamaza, na mengine nilikuja kusoma usiku nikakuta kweli.

M. G. Ramachandran alizaliwa 1917 Ceylon, Sri Lanka ya leo, baba akafariki yeye bado mdogo, njaa ikampeleka kwenye kikundi cha maigizo akiwa mtoto. Akaja kuwa staa wa filamu za Kitamil, kila filamu yeye ni mtetezi wa wanyonge, mara mkulima, mara mvuvi, mara dereva wa riksho. Januari 1967 mwigizaji mwenzake, M. R. Radha, akamfuata nyumbani akampiga risasi. Akapona, sauti ikaharibika moja kwa moja, na uchaguzi wa mwaka huohuo akaupigia kampeni kitandani, mabango yana picha yake kafungwa bandeji shingoni. Nani angemnyima kura? 1972 chama chake cha DMK kikamfukuza baada ya kudai viongozi waonyeshe mahesabu ya hela, akaanzisha cha kwake, na 1977 akawa waziri kiongozi wa jimbo la Tamil Nadu. Sisi Bongo, wanamuziki Sugu na Profesa Jay kuingia bungeni tuliona maajabu, huyu alichukua jimbo zima, akalishikilia mpaka anakufa, ukitoa miezi michache ya 1980.

Tukafika. Nikajiandaa kwa ugomvi wa pili, hela ya kusubiri. Jamaa akapaki, akavua ndala, akaniambia twende. Hela ya kusubiri hakutaja kabisa!

MGR alizikwa palepale ufukweni Desemba 1987, baada ya msiba uliokuwa na ghasia mitaani na mashabiki waliojiua kwa majonzi. Inasemekana kazikwa na saa yake ya mkononi, na watu wanaamini mpaka leo inagonga. Kwa hiyo wanapanga foleni, mmojammoja wanainama wanategesha sikio kwenye marumaru. Bibi mmoja mbele yetu alikaa nalo sikio mpaka mlinzi akamgusa bega. Dereva wangu akainama, kafumba macho, jasho linamtoka shingoni. Zamu yangu nikaweka sikio, jiwe la moto, harufu ya maua ya jasmini yaliyoanza kuchacha, nikasikia honi za barabarani na mtu anakohoa. Saa hamna. "Umesikia?" Nikamwambia kwa mbali. Akafurahi huyo!

Pembeni yake kalala Jayalalithaa, mwigizaji mwenzake aliyerithi chama, naye akawa waziri kiongozi, akahukumiwa kwa ufisadi 2014, akaachiwa 2015, akafa 2016 bado yuko madarakani. Dereva alipita pale kama anapita duka lililofungwa.

Tukanunua dengu za kuchemsha zenye nazi na embe bichi, nililipa mimi, tukakaa mchangani. Ndo akaniambia kwao walikuwa wengi, hawana kitu, na MGR alipoanzisha chakula cha mchana kwa watoto mwaka 1982, wali na sambar, mchuzi wa dengu, bure, mama yake alimpeleka shule kwa ajili ya ile sahani. Mpango ulikuwepo tangu enzi za Kamaraj, waziri kiongozi wa miaka ya 50, MGR akaupanua jimbo zima, na wapinzani walisema anatapanya hela ya serikali. Mimi nikakumbuka shule niliyosoma, mchango wa uji, na mwalimu anasoma majina ya ambao hawajalipa mbele ya paredi. Hao walikuwa wanakaa chini ya mwembe wenzao wakinywa. Mmoja alikuwa deski moja na mimi, akaacha darasa la tano.

Kurudi akataka 250 nyingine, kama hatujuani vile. Nikatoa.

Usiku nikamhadithia mjomba yote, pamoja na kwamba MGR mwenyewe figo zilikufa 1984, akapandikizwa nyingine Brooklyn, Marekani, na uchaguzi akashinda akiwa hukohuko hospitali. Mjomba akauliza figo alipewa na nani. Nikamwambia binti wa kaka yake. Akanyamaza kidogo, akanigeukia, "Unaona wenzio? Wewe rupia 250 tu umeshanipigia kelele tangu jioni."