Anayeanza Pilates Aanze na Pumzi

Wengi wanaonieleza kwamba wanataka kuanza Pilates, yaani mazoezi ya kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo yaliyobuniwa na Joseph Pilates, huwa tayari wameona video ya mtu aliyelala chali, kichwa na miguu vikiwa juu, mikono ikipigapiga hewani kando ya mwili. Zoezi hilo huitwa Mia Moja, kwa sababu mikono hupigwa mara 100: unavuta pumzi kwa hesabu ya tano, unaitoa kwa hesabu ya tano, na kurudia hivyo mara kumi. Katika mazoezi 34 ya mkekani ambayo Joseph Pilates aliyachapisha mwaka 1945, hilo ndilo la kwanza. Hata hivyo, mtu ambaye misuli ya tumbo lake haijazoea kazi akianzia hapo, shingo ndiyo itakayobeba mzigo wote, naye ataondoka akiamini kwamba mazoezi haya hayamfai.

Joseph Pilates alizaliwa Mönchengladbach, Ujerumani, mwaka 1883, na utotoni alisumbuliwa na pumu. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uingereza, na kwa kuwa alikuwa raia wa nchi adui alizuiliwa kambini, hatimaye katika kisiwa cha Man, ambako aliendelea kuyaunda mazoezi yake. Katika miaka ya 1920 alihamia New York, na yeye pamoja na mwenzi wake Clara wakafungua studio iliyopendwa sana na wacheza dansi, wakiwemo waliokuwa wakiuguza majeraha. Kwangu mimi si ajabu kwamba mtu aliyeijua pumu aliipa pumzi nafasi ya kwanza, na ndiyo maana namshauri kila anayeanza atumie siku zake za mwanzo hapo.

Lala chali, kunja magoti, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili zikiwa zimeachana kwa upana wa nyonga, kisha weka viganja pembeni mwa mbavu. Vuta pumzi kwa pua ili mbavu zivisukume viganja kwenda nje, bila mabega kupanda kuelekea masikioni. Itoe kwa mdomo, polepole, huku mbavu zikirudi ndani na kitovu kikishuka kuelekea mgongoni, na wakati huohuo inua kidogo misuli ile unayoibana unapozuia mkojo. Hapo ndipo unapoanza kufanya kazi msuli wa ndani kabisa wa tumbo, ambao umezunguka kiuno kama mshipi na husaidia kuushikilia uti wa mgongo. Kubana kwenyewe kuwe kwa kiasi. Ukishindwa kuzungumza, umebana kupita inavyotakiwa.

Pumzi ikishatulia, pitisha vidole chini ya kiuno. Kwa watu wengi pana uwazi mdogo kati ya mgongo na mkeka, nao ndio mkao wa kawaida wa uti wa mgongo. Toa pumzi na uinue mguu mmoja, goti likiwa limekunjwa, mpaka paja lisimame wima juu ya nyonga, huku vidole vikipima kama uwazi ule umebaki vilevile. Mgongo ukijipinda kwenda juu au ukivididimiza vidole, rudisha mguu chini na uanze tena. Nalithamini jaribio hili dogo kuliko zoezi lolote la kupendeza machoni, kwa sababu linamwonyesha mtu papo hapo kama ni tumbo linalofanya kazi au ni mgongo unaolisaidia. Atakayeweza kubadilisha miguu bila mgongo kuyumba anaweza kuingia kwenye Mia Moja, kwanza kichwa kikiwa mkekani na nyayo zikiwa sakafuni.

Vifaa si jambo la kumchelewesha mtu. Kile kitanda chenye springi kinachopatikana kwenye studio kina faida zake, lakini anayeanza anatosheka na mkeka mnene wa sponji, au hata blanketi lililokunjwa juu ya zulia, ili mifupa ya mgongo isigonge sakafu. Fedha uliyonayo ni heri umlipe mwalimu kwa vipindi vichache vya mwanzo, kwa kuwa jicho lake litaona bega lililopanda kabla wewe hujalihisi.

Mjamzito, aliyejifungua karibuni, mwenye tatizo la diski za mgongo na mwenye mifupa iliyodhoofika waonane kwanza na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Hasa huyo wa mwisho, kwani mazoezi ya kukunja mgongo kwenda mbele yanaweza kumvunja pingili. Kwa wengine, misuli ya tumbo kutetemeka si jambo la kuogopesha, lakini maumivu makali ya mgongo ni amri ya kusimama, na shingo ikianza kuuma, laza kichwa mkekani na uendelee, kwa maana tumbo bado litakuwa na kazi ya kutosha.