Usimwombe, mwambie "Weya"

Mimi ni mtu wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa tatu Kisumu. Kabla sijaja kazini huku niliambiwa nijihadhari na mbu. Hakuna aliyenitajia lafudhi yangu. Nilikuwa nikifungua mdomo tu pale steji, yaani kituoni, nasikia: "Dada wa Tanzania! Hebu ongea tena!" Wengi walikuwa wanatania, na utani huo sina neno nao. Shida ni wale wachache: anayekushika mkono ili upande tuktuk yake, anayekufuata akitaka namba, anayetaja maungo yako kwa sauti mbele ya watu.

Rafiki mmoja alinishauri nivae kwa heshima zaidi. Wakati huo nilikuwa ndani ya baibui. Ndiyo maana nawaelewa sana wanawake walioandamana Nairobi Novemba 2014, baada ya mwenzao kuvuliwa nguo kwenye steji ya matatu kwa kisingizio cha mavazi.

Kilichokuwa kinanitia matatani ni adabu yangu. Kwetu kunyamazia salamu ni aibu, kwa hiyo nilikuwa nasimama na kumjibu kila mtu. Nikichoka nasema, "Samahani kaka, naomba uniache." Sasa, Kisumu mtu akiingia hotelini husema "nipe chai" au "leta chai". Sisi husema "naomba chai", na hapo hujaomba chochote, umeagiza. Kijana wa barabarani akisikia "naomba" anasikia mtu anayembembeleza. Mmoja alinijibu, "Unaniomba? Niombe tena, mrembo." Niliitafakari kauli ile usiku kucha.

Jumapili moja nilikuwa natoka soko la Kibuye, na Jumapili ndiyo siku soko lile hufurika. Kijana akanifuata kwenye barabara ya Jomo Kenyatta, tukielekea Kondele. Nikavuka, naye akavuka. Nikavuka tena, yuko nyuma yangu. Kona ya nyumbani ilipokaribia moyo ulinidunda: huyu akiijua nyumba, sitalala tena. Nikaipita kona yangu kama siijui, nikaenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya mama mmoja muuza omena, yaani dagaa, ambaye nilizoea kumwamkia kila asubuhi.

"Shikamoo mama. Yule ananifuata tangu Kibuye."

Hakuniuliza nimemfanya nini. Alisimama na kumpigia kelele kwa Kijaluo, maneno mengi, na lililorudiwa ni moja: "Weye! Weye!" Mama wa meza za jirani wakageuka. Watu wa boda chini ya mti nao wakageuka. Kijana akarudi alikotoka.

Mama akanikalisha kwenye ndoo. Akaniuliza kama natoka Shirati, maana anajua Wajaluo wako Tanzania pia, upande wa Mara. Nikamwambia hapana, Tanga, pwani. "Basi nyathina, mwanangu," akasema, "mimi nimemwambia akuache. Wewe mwenyewe utasema 'Weya'. Niache. Usimwombe. Sema mara moja, halafu tembea." Akanisemesha mpaka ikatoka kavu, bila "samahani" mbele yake.

Tangu siku ile nasalimia wazee, akina mama na ninaowafahamu. Anayeniita kwa "sss" simgeukii. Anayenigusa anapata "Weya" kwa sauti ya kusikika na watu wote. Wengi hushtuka, kwa kuwa hawakutarajia neno hilo kutoka kwangu, na aliye karibu naye humuuliza kuna nini.

Boda nina wangu mmoja, alinitafutia mama huyohuyo. Nikilazimika kupanda ya mtu nisiyemjua, nashukia mezani kwa mama, si mlangoni kwangu, na nalipa pesa taslimu. Hili la malipo nililipata kwa machungu: nilimtumia mtu nauli kwa simu, jina na namba yangu vikabaki kwake. Alinibeba mchana, saa tano za usiku akanipigia, na ikabidi nibadilishe laini.

Mwezi uliopita amehamia ploti yetu, nyumba za kupanga tunamoishi, msichana kutoka Bukoba. Jumamosi nilimpeleka mezani, nikamtambulisha. Mama akamtazama, akasogeza ndoo.

"Kaa hapa. Sema: Weya."

Msichana akasema, "Weya, tafadhali."

"Hapana," tukamwambia wote wawili. "Tena."