Chala, ziwa lisilo na mto

Jana nimeshuka Ziwa Chala, upande wa Rombo. Kushuka si kazi. Kupanda ndiko kulikonikumbusha umri wangu! Hili ni shimo la volkano lililojaa maji, kina chake zaidi ya mita 90, na mpaka umepita humo humo majini: ng'ambo ile ni Taveta, Kenya. Nilizungusha macho kutafuta mto unaoingia, sikuuona. Maji hupita chini kwa chini kutoka Kilimanjaro.

Kilichonishika zaidi ni perege wake, Oreochromis hunteri, ambaye asili yake ni ziwa hili tu duniani. Sasa anagombea chakula na perege wageni walioletwa na watu. Niliwaona wadogo wadogo karibu na mawe, ila wenyeji au wageni, sikuweza kuwatofautisha.