Maporomoko ya Kamba

Mjomba alisoma ufundi Dresden miaka ya 1970, enzi za Ujerumani Mashariki. Akarudi Unguja na hadithi moja tuliyomchekea hadi mvi zikamtoka: eti kule kuna maporomoko ya maji yanayofunguliwa kwa kamba, na muziki unapigwa.

"Na mvua yao wanaitia kufuli," bibi alikuwa akimjibu.

Mwaka 2009 nami nilikuwa mwanafunzi Dresden. Jumapili moja nikapanda treni hadi Bad Schandau, nikavuka mto Elbe kwa kivuko, nikaitafuta tramu aliyoitaja, Kirnitzschtalbahn. Reli yake ina upana wa mita moja tu, imejibanza kandoni mwa barabara, bonde lenyewe jembamba, majabali ya mchanga huku na huku. Kondakta, mzee mwenye mkoba wa ngozi wa chenji, alinieleza bila kuulizwa kwamba ilianza 1898, na kwamba mwaka 1927 banda liliungua, mabehewa yakateketea, ikabidi waagize mengine. Kilomita 8 tulizimaliza kwa nusu saa. Mwenye baiskeli alitupita.

Mwisho wa njia hakuna mahali pa kugeuzia. Behewa lenye mota likafunguliwa, likapita reli ya pembeni, likaja kufungwa upande wa pili. Nilisimama pale nikimtazama mzee akiunga mabehewa kwa mikono yake, glavu zimejaa grisi, hata nikasahau kilichonileta.

Nilipogeuka, watu walikuwa wamekusanyika mbele ya jabali lililolowa. Maji yanadondoka tone tone, kama bomba bovu la uani kwetu. Nikasema moyoni, Mjomba kweli mwongo.

Bwana mmoja akavuta kamba. Spika ikalia muziki, na maji yakaporomoka kwa kishindo, watoto wakapiga kelele. Dakika chache tu, yakakatika. Kumbe kijito walikiziba huko juu tangu 1830, wageni wapate cha kutazama, na wenyeji wapate chochote. Biashara hiyo! Nilicheka peke yangu.

Usiku nikapiga simu. "Shikamoo Mjomba. Nimeyaona maporomoko yako."

Akanyamaza kidogo. "Ngoja nimpe bibi yako, umwambie mwenyewe."

Nikamweleza bibi yote, kamba, muziki, mpaka glavu za kondakta. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Amekulipa ngapi?" akauliza.